Msitu ni wa kijiji, nyundo ni ya nani? (Uzi mrefu)

Ming'oko wa Kusini

Wakuu, shikamooni mnaostahili, wengine mambo vipi.

Juzi humu kulikuwa na ubishi wa mkaa na nishati safi. Mmoja akasema wanakijiji ndio wanaomaliza misitu, dawa yao ni kuondolewa. Mwingine akasema misitu yote wapewe wanakijiji, kazi imeisha. Nilicheka peke yangu hadi mke wangu akauliza kulikoni. Nimekuwa katibu wa kamati ya maliasili ya kijiji vipindi viwili, wilaya moja ya Kusini. Kijiji sikitaji kwa sababu bado nataka kuzikwa huko. Nimelala msituni kwa doria, nimeshika kitabu cha risiti, na kuna shemeji yangu hatusalimiani mpaka leo kwa sababu ya shamba la ufuta. Asiye na bando la kutosha apite.

Kwanza tuelewane maneno. Ukisikia "misitu shirikishi" hapa kwetu, kuna mambo mawili ndani yake na watu huyachanganya kama pilau na wali mweupe.

La kwanza ni msitu wa hifadhi wa kijiji. Ardhi ni ya kijiji kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, na Sheria ya Misitu Na. 14 ya 2002 inakiruhusu kijiji kutenga eneo, kuandika mpango wa usimamizi na sheria ndogo, kisha kuwa meneja chenyewe. Kibali kinatoa kijiji, faini inapokea kijiji, mapato ya miti yanabaki kijijini.

La pili ni usimamizi wa pamoja. Msitu ni wa serikali kuu au wa halmashauri, nyie mnaoishi pembeni mnaingia mkataba wa kuusimamia kwa kushirikiana. Mnapiga doria, mnaruhusiwa kuokota kuni kavu siku zilizopangwa, uyoga, dawa. Mingi ya misitu hiyo ni vyanzo vya maji ambako hakuna wa kukata hata fito, kwa hiyo cha kugawana ni faini na viada vidogo. Na sheria ya 2002 haikusema nani apate asilimia ngapi. Mikataba mingi ilikaa kwenye madroo miaka na miaka bila kusainiwa kwa sababu ya mgawo huo, huku wanakijiji wakiendelea kulinda. Mtu analinda mali miaka kumi kwa mkataba ambao haujasainiwa, halafu tunamshangaa akichoka.

Hii njia ya kwanza, ya msitu wa kijiji, haikushuka kutoka mbinguni wala Dar. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 serikali ilitaka kuufanya msitu wa Duru-Haitemba, kule Babati, kuwa hifadhi yake. Ni miombo ya hekta kama 9,000, vijiji vinane vimeuzunguka. Habari za kuwekwa mipaka zilipofika, watu wakaanza kukata kwa haraka, maana kitu kinachokwenda kuchukuliwa bora ukile mapema. Mwisho wakaulizwa: mkiachiwa wenyewe mtaulinda? Wakasema ndiyo, wakaweka walinzi wao na sheria zao, ukataji ukapungua. Mgori ya Singida ikafuata. Suledo, kule Kiteto (jina limeunganishwa kutoka Sunya, Lengatei na Dongo), ikapata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa mwaka 2002. Kwa hiyo bunge lilipopitisha sheria, vijiji vilikuwa vimeshatangulia.

Sasa nije kwetu.

Kutenga msitu kulituchukua mikutano mikuu mitatu ya kijiji, na karibu mabishano yote yalikuwa ya ufuta. Mnaoishi mjini hamjui ufuta ni nini kwa mtu wa Lindi. Ndio bati, ndio ada, ndio pikipiki. Na ufuta unapenda ardhi mpya: unafyeka, unachoma, unapanda miaka miwili mitatu, magugu yakizidi unasogea mbele. Hapo ndipo penye msitu. Kamati inapochora mstari kwenye ramani, mstari ule unapita katikati ya shamba la kesho la mtu. Angekuwa na shamba la leo, angedai fidia. La kesho halina mthamini. Shemeji yangu alikuwa ameshawaonyesha wanawe sehemu ya kila mmoja, amefunga na vitambaa kwenye miti. Nikaenda na GPS, vitambaa vyote vikabaki upande wa hifadhi. Ungekuwa wewe ungenisalimia?

Tulivumilia kwa sababu ya ahadi ya mpingo. Majirani zetu wa Kilwa walikuwa wameshatangulia: mwaka 2009 Kikole na Kisangi waliingia kwenye cheti cha FSC (cheti cha kimataifa cha msitu unaovunwa kwa uangalifu) wakisaidiwa na shirika la MCDI lililoko Kilwa Masoko, cheti cha kwanza Afrika kwa msitu wa asili unaosimamiwa na wanakijiji. Mpingo ule ndio wanaotengenezea klarineti huko Ulaya. Tukajiambia, kama Mzungu anapuliza mti wetu, basi na sisi tupate darasa.

Na tulipata. Sidanganyi. Uvunaji wa kwanza ulijenga nyumba ya mwalimu na kununua madawati, na kwa mara ya kwanza nilimwona mwenyekiti akisoma hesabu mbele ya watu, jasho linamtoka.

Lakini kuna kitu kinaitwa nyundo.

Gogo likianguka linapigwa nyundo yenye alama, kwenye kisiki na kwenye gogo lenyewe. Lisilo na alama ni la wizi hata kama ulilikata mchana kweupe na mtendaji amesimama hapo. Kijiji chenye hifadhi kinasajili nyundo yake. Sisi tulikuwa nayo, imefungiwa kwenye sanduku lenye kufuli mbili na funguo kwa watu wawili tofauti. Watu wakidhani nyundo ndiyo mamlaka. Wapi! Baada ya nyundo kuna hati ya kusafirishia, na hiyo kijiji hakitoi. Mwaka mmoja magogo yetu yalikaa njiani yakisubiri karatasi kutoka ofisi ambayo siitaji. Leo afisa yuko semina, kesho kitabu kimeisha, keshokutwa kuna maelekezo mapya. Mvua ikaanza, barabara ikakatika, mnunuzi akasema bei ile nilitaja kiangazi. Tukauza kwa bei ya huzuni.

Ndiyo maana kila nikisikia "kijiji kimepewa msitu" nauliza maswali ya kitoto: nyundo ni ya nani, hati anaandika nani, na akichelewa nani anamhoji?

Naishia hapa kwanza, nitarudi na upande wa wanawake maana ndio umenipa jina hili.

Fundi Samani Keko

Mkuu heshima kwako. Naongezea upande wa huku mjini. Kwenye mbao kuna bei mbili. Mbao yenye karatasi zote, iwe ya kijiji au ya leseni, imebeba mrabaha, ushuru, usafiri wa mchana. Mbao ya usiku haijabeba kitu. Zikifika huku zinapangwa ukuta mmoja. Mteja anataka kitanda cha mninga sita kwa sita, anabisha elfu hamsini, anaondoka. Hajawahi mtu kuniuliza nyundo. Huyo mwanakijiji aliyelala msituni anashindana na mwizi sokoni, na soko halijui tofauti yao.

Chachandu

Fundi, na wewe unaiuzaje ile ya usiku? 😂

Fundi Samani Keko

Nimesema "zinapangwa". Sijasema na nani.

Bwana Miti Mstaafu

Nimefanya kazi idara ya misitu zaidi ya miaka ishirini, nimestaafu, sina cha kuficha. Ming'oko umesema kweli nyingi lakini umewapaka wanakijiji marashi. Nimeona wenyeviti wakiuza msitu wa kijiji kwa mfanyabiashara kwa bei ya pikipiki moja. Nimeona kamati ya watu kumi, saba ni ukoo mmoja. Zile kufuli mbili za nyundo ziliwekwa kwa sababu.

Na kuna jambo hamligusi. Tathmini ya misitu ya taifa iliyotoka 2015 ilionyesha nchi ina hekta milioni 48.1 za misitu, na karibu nusu yake iko kwenye ardhi ya vijiji. Iliyotengwa rasmi kuwa hifadhi ya kijiji ni sehemu ndogo tu. Iliyobaki ndiyo inayokatwa kama haina mwenyewe, maana watumishi wengi huihesabu kuwa ardhi ya jumla na kutoa leseni juu yake.

Msinitupie mawe mimi, tatizo liko kwenye sheria zenyewe. Sheria ya Ardhi ya 1999, Na. 4, inaposema ardhi ya jumla ni nini inaingiza na ardhi ya kijiji "isiyokaliwa au isiyotumika". Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka huo huo haisemi hivyo. Sheria mbili pacha, zimezaliwa siku moja, na hazielewani. Sasa mweleze mkulima wa kuhamahama kwamba pori lake lililopumzika miaka minane halitumiki.

Ming'oko wa Kusini

Mzee wangu, shikamoo. Umegonga penyewe. Kwetu shamba lililoachwa lipumzike bado lina mwenyewe: kila mtu anajua hapa alilima babu wa fulani, na mtu hafyeki bila kumwuliza. Lakini ukija na gari la ofisi unaona pori. Ndiyo maana wenzetu wengine walikimbilia kutenga hifadhi hata kabla ya kufikiria faida: waliona leseni zinakuja kutoka wilayani juu ya miti yao. Kwao hifadhi ilikuwa kitasa cha mlango, hayo ya uhifadhi walikuja kuyasikia kwenye semina.

Kuhusu ukoo kwenye kamati, sibishi. Kamati yetu ilikuwa hivyo hivyo kipindi cha kwanza, na ukoo ulikuwa wangu.

Binti wa Amani

Jamani na sisi wa Usambara tusemewe. Huko Kusini angalau mna cha kuuza. Sisi tumezungukwa na misitu inayosifiwa na dunia nzima, wataalamu wanakuja kupiga picha vyura na urujuani wa Usambara, lakini kwa mkulima msitu ni jirani mkubwa anayekuletea kima na nguruwe. Unapanda mahindi, unalala shambani kwenye kibanda, mtoto hajaenda shule kwa sababu analinda. Hiyo gharama haimo kwenye mkataba wowote niliowahi kuuona.

Mnaikumbuka Derema? Ni ukanda wa msitu unaounganisha hifadhi huku Usambara Mashariki. Wakulima walikuwa wanalima iliki chini ya miti mikubwa. Iliki inataka kivuli, kwa hiyo miti mikubwa waliiacha na kufyeka vichaka vya chini tu. Kwa wataalamu huo ni msitu unaokufa polepole kwa sababu miche haichipui. Kwa bibi yangu ni shamba lenye paa. Ukanda ukatengwa, wakulima zaidi ya elfu moja wakapoteza iliki yao. Fidia ilihesabiwa kwa mashina ya mazao, ikachukua miaka kukamilika. Pesa ilipoingia, aliyenunua bati alifanya vizuri, aliyenunua redio akabaki na redio. Lakini iliki ilikuwa inalipa kila msimu.

Mimi sisemi msitu ukatwe. Maji ya Tanga mjini yanatoka huku. Nasema watu wa mjini wanakunywa maji, sisi tunalala na manati.

Ngosha wa Meatu

Sisi kwetu habari ilianzia kwenye majani ya ng'ombe. Wasukuma tuna ngitili: unafunga sehemu ya malisho mvua zikianza, unafungua kiangazi majani yakiisha kwingine. Vijiji vya ujamaa vilipokuja, watu wakahamishwa, ngitili nyingi zikafa. Shinyanga ikawa jangwa, enzi hizo ikiitwa hivyo hivyo bila aibu. Mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) ulipoanza 1986, mwanzoni walikuja na miche ya kutoka mbali. Wazee wakawaambia, acheni tufunge ngitili. Miti ilirudi yenyewe kutoka kwenye visiki. Mpaka miaka ya 2000 mwanzoni zilikuwa zimerudi zaidi ya hekta 300,000.

Kabla ya hapo Kondoa walikuwa wamefanya tofauti: mradi wa HADO (Hifadhi Ardhi Dodoma) mwaka 1979 uliondoa mifugo kwa amri. Ardhi ilipona, siwezi kukataa, lakini ng'ombe wale walikwenda wapi? Walikwenda kwa jirani.

Tatizo la ngitili leo ni kwamba za mtu binafsi ni nzuri kuliko za kijiji, na mwenye ng'ombe wengi ndiye mwenye ngitili kubwa. Maskini anakodisha majani kwa tajiri kiangazi. Msitu umerudi, lakini umerudi na wenyewe.

Chachandu

Ngosha umeua. "Umerudi na wenyewe." Natafuta kiti hapa.

Viazi vya Kinangop

Ndugu zetu wa Tanzania, habari zenu. Nasoma hapa kimya kutoka Kenya, wacha niseme kidogo. Neno letu "shamba" limeingia kwenye vitabu vya misitu vya dunia nzima, ati "shamba system". Wakoloni walianza mwaka 1910. Wanakata msitu, wanampa mkulima kipande alime mahindi na viazi katikati ya miche ya mti wa mbao, anaipalilia bure kwa sababu anapalilia viazi vyake. Miche ikifunga kivuli baada ya miaka mitatu hivi, anahamishwa kipande kingine. Ujanja mtupu, kibarua bila mshahara.

Mwaka 1987 serikali ikapiga marufuku. Ikarudi, ikazuiwa tena. Baada ya sheria ya misitu ya 2005 ikaja kwa jina jipya, PELIS, na lazima uwe mwanachama wa chama cha jamii cha msitu. Unalipa ada ya kipande, unalima, unatunza miti. Miti ikikomaa si yako hata tawi moja. Ndiyo maana utasikia miche ya mwaka wa tatu "imekufa na jua". Jua gani linachagua mche na kuacha kiazi? Mtu anataka msimu mmoja zaidi.

Halafu Februari 2018 ikaja marufuku ya kukata miti kwenye misitu ya serikali, mpaka Julai 2023 Rais alipotangaza kuiondoa. Watu wa mjini walishangilia. Lakini kama hakukatwi, hakuna pahali papya pa kupanda, na kama hakuna pahali papya, hakuna kipande cha viazi. Uamuzi uliotangazwa kuhusu mbao ulipunguza chakula mezani kwangu, na sidhani kama aliyeutangaza aliwahi kufikiria viazi.

Ming'oko wa Kusini

Viazi, karibu sana, hiyo ya jua linalochagua nimeiiba, nitaitumia kwenye kikao.

Tofauti yetu na nyinyi naona ni hii: kwenu mkulima anapewa ardhi bila mti. Kwenye usimamizi wa pamoja huku, anapewa ulinzi bila mti wala ardhi. Kwenye msitu wa kijiji anapewa mti bila hati ya kuusafirisha. Kila mahali kuna kipande kimoja kimebaki ofisini.

Sasa nirudi kwa wanawake kama nilivyoahidi.

Jina langu linatokana na ming'oko. Kwa wasiojua, ni viazi vya porini, vyembamba, mnavichimba kiangazi msituni, mnachemsha na chumvi. Lindi na Mtwara vinauzwa barabarani hata kwa wenye magari. Lakini mwezi wa njaa, kabla mavuno hayajaingia, ming'oko ni chakula, ni chakula kabisa. Wanaochimba ni wanawake na watoto.

Tulipoandika sheria ndogo za kwanza, tuliandika: "Ni marufuku kuchimba ndani ya msitu wa hifadhi bila kibali." Tulikuwa tunafikiria wachimba madini. Hakuna aliyefikiria jembe la mama. Wiki ya tatu doria ikamkamata shangazi yangu na kapu la ming'oko, wakaleta kapu na shangazi ofisini. Vijana wa doria walikuwa sahihi kwa kila herufi. Mimi ndiye niliyeiandika ile herufi.

Tulirekebisha, lakini kurekebisha sheria ndogo siyo kufuta ubaoni. Inarudi mkutano mkuu, inakwenda halmashauri, inakaa. Mwaka na miezi. Katikati wanawake walichimba kwa kujificha, na mtu anayejificha hachagui pa kuchimba wala hafukii shimo.

Jambo lingine ni mgawo wa faida. Fedha za mbao zinakuja kwa mkupuo, zinaingia kwenye darasa na zahanati, na hapo zinaonekana, watu wanapigia makofi. Lakini aliyepoteza pori la ufuta hapati darasa peke yake. Faida ni ya wote, hasara ni ya watu fulani. Tulijaribu kutenga fungu la mikopo kwa kaya zilizoguswa na mipaka. Likaliwa na waliojua kuandika maombi.

Tanuri la Kilosa

Mimi ni mchoma mkaa, na sasa naandika bila kujificha. Huku Kilosa mradi ulioanza 2012, uliofadhiliwa na Uswisi na kuendeshwa na TFCG (shirika la uhifadhi wa misitu) na MJUMITA (mtandao wa jamii zinazosimamia misitu), ulifanya kitu ambacho sikuamini: mkaa kuwa halali kijijini. Sehemu ya msitu wa kijiji ikapimwa vitalu vya mita 50 kwa 50, kama ubao wa drafti. Cheusi unakata, cheupe unaacha. Mzunguko ni miaka 24, ndipo urudi kitalu kile kile. Karibu na mto huingii. Mti wa mbao huugusi. Kisiki hung'oi, kinachipua. Ukilima pale, umefukuzwa kwenye kikundi, kwa sababu msitu hauuawi na shoka, unauawa na jembe linalofuata shoka. Kila gunia likitoka lina ada ya kijiji.

Kabla ya hapo nilikuwa nachoma usiku, nauza kwa dalali kwa bei anayotaka yeye, maana mwizi hana wa kumshitakia. Halali ilinipa mdomo wa kupanga bei.

Kisha zikaja kanuni za 2019, Tangazo la Serikali Na. 417, na taratibu na vibali vya ziada juu ya kijiji. Uvunaji ukadorora. Mnajua nini kilitokea? Watu hawakuacha kupika. Dar haikuacha kununua. Gunia likarudi usiku. Wenye kumbukumbu, mwaka 2006 mkaa ulipigwa marufuku nchi nzima, bei ikapaa, marufuku ikaondolewa baada ya wiki chache.

Leo tunaambiwa gesi. Taasisi zinazolisha watu zaidi ya mia zimekatazwa kuni na mkaa tangu 2024, na lengo ni asilimia 80 ya Watanzania kutumia nishati safi ifikapo 2034. Sina ugomvi na gesi, hata mke wangu ana mtungi. Ila niulize: mkaa ukikosa soko, kijiji kitakuwa na sababu gani ya kutoufanya ule msitu shamba la mahindi? Mkaa ulikuwa ndio sababu ya msitu kubaki umesimama.

Bwana Miti Mstaafu

Tanuri, hili swali lako nilitamani mtu aliulize miaka kumi nyuma. Idarani tulifundishwa kuona gunia la mkaa kama jeraha. Hatukufundishwa kuuliza mti usio na bei unashindana na nini. Kuhusu kanuni za 2019, nia ilikuwa kuzuia uvunaji holela, na uholela ulikuwepo. Lakini kanuni haikumtofautisha vya kutosha aliyekuwa na mpango ulioidhinishwa na asiye na kitu. Dawa moja kwa wagonjwa wawili.

Mwenyekiti Kijana Tunduru

Wakuu naomba msaada, nimesoma zote. Nimechaguliwa uenyekiti juzi tu. Kijiji chetu kina pori kubwa la miombo. Wamekuja watu na projekta, wanasema biashara ya kaboni, yaani ile hewa ukaa inayohifadhiwa na miti: tusikate, tulipwe. Wametaja vijiji vinane vya Wilaya ya Tanganyika, Katavi, kwamba vinapata mabilioni. Mkutano mkuu unaitishwa Jumamosi kuamua kutenga msitu. Niseme nini?

Ngosha wa Meatu

Mwenyekiti, Katavi ni kweli wanalipwa. Lakini waulize hao wageni mkataba ni wa miaka mingapi, na wewe una miaka mingapi. Mjukuu wako atasaini wapi?

Ming'oko wa Kusini

Mwenyekiti, pole na hongera kwa pamoja. Sitakuambia utenge au usitenge. Nitakuambia ningefanya nini kama ningerudishwa siku ile ya kwanza.

Kabla ya GPS, ningetembea na kina mama msituni siku nzima, wao mbele mimi nyuma, wanionyeshe wanachimba wapi, wanaokota wapi, ukindu uko wapi. Kisha na wakulima, kila mtu aonyeshe shamba lake la leo na la miaka mitano ijayo. Hayo yaandikwe kwenye ramani kabla ya mstari wa hifadhi, siyo baada. Tulipoanza na mstari, kila kitu kingine kiligeuka kuwa kosa.

Ningeacha eneo la ufuta makusudi, hata kama mtaalamu atakunja uso. Usipoliacha watalichukua, na watachukua lile zuri.

Sheria ndogo ningeandika vitu vinavyoruhusiwa kwa majina: ming'oko, uyoga, asali, kuni kavu, dawa, fito za nyumba yako mwenyewe. Kilichoandikwa kwa jina hakihitaji huruma ya mlinzi.

Kwenye kaboni sina uzoefu, kwa hiyo nakwambia tu nilichojifunza kwa mpingo: uliza nani anapima, nani anauza, kijiji kinaona vipi bei iliyouzwa, na pesa ikichelewa mnakwenda kwa nani. Wakikujibu kwa projekta, waombe wakuandikie. Na mkataba usisainiwe siku unayouona kwa mara ya kwanza. Upeleke kwa mwanasheria wa halmashauri, halafu upeleke na kwa mwanasheria asiye wa halmashauri.

Mwenyekiti Kijana Tunduru

Nashukuru sana kaka. Swali moja: wazee wanasema kutembea na kina mama kutachelewesha, wageni wanataka jibu Jumamosi hii.

Binti wa Amani

Msitu umesimama miaka mia, projekta haiwezi kusubiri wiki mbili?

Tanuri la Kilosa

Mwenyekiti, wape chai, waambie mkutano utarudiwa. Wakiondoka kabisa utakuwa umejua walichofuata.

Mwenyekiti Kijana Tunduru

Sawa. Jumamosi nitaeleza tu, hatupigi kura. Jumatatu naingia msituni na kina mama. Nitaleta mrejesho hapa.

Ming'oko wa Kusini

Vizuri. Vaa viatu vya kufunika, wanakwenda mbio hao. Na huo mkutano wa kura ukiupangia tarehe, angalia usiangukie siku ya gulio, la sivyo utabaki na wazee wa bao peke yao.

Mwenyekiti Kijana Tunduru

Gulio letu ni Jumamosi.

Ming'oko wa Kusini

😂 Haya sasa.